Mbegu ya Selari na Lugha ya Pakiti

Gramu moja ya mbegu za selari huwa na mbegu zaidi ya 2,000. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni ugoro, na ukipiga chafya umepoteza shamba. Nimeanza na udogo huu kwa sababu karibu kila jambo linalomtatiza anayejaribu kuiotesha mbegu hii nyumbani chanzo chake ni huo udogo. Makala haya yanahusu namna ya kuiotesha. Yanahusu lugha vilevile, maadamu jarida hili ni la wanagenzi wa Kiswahili, na kwa kuwa niliyoyashuhudia Limuru yamenithibitishia kwamba mbegu nzima, isiyo na kasoro, inaweza kukosa kuota kwa sababu ya lugha.

Mintarafu jina, sokoni wauzaji husema selari, nami nitawafuata. Neno hili limetufikia kutoka kwa Waingereza, ambao walilitoa kwa Wafaransa, nao kwa Waitalia, na asili yake ni neno la Kigiriki selinon. Wagiriki wa kale waliuenzi mmea huu ungali wa mwituni. Mji wao mmoja katika kisiwa cha Sicily ulipewa jina lake, na jani lake likapigwa chapa kwenye sarafu za mji huo. Washindi wa michezo ya Nemea walivishwa mataji yaliyosukwa kwa majani yake. Wapo wanaofasiri selari kuwa figili, na hapo mimi nawapinga. Figili ni neno la Kiarabu, fijl, nalo ni jina la ule mzizi mwekundu au mweupe unaowasha ulimi. Waarabu wenyewe selari huiita karafsi. Mama aliyezoea kuuita mzizi huo figili, akipewa pakiti ya selari iliyoandikwa figili, atangoja mizizi hadi kiama. Heri neno la kukopa linaloeleweka kuliko neno la kale linalopotosha.

Selari ni ya ukoo mmoja na karoti, giligilani (ambayo sisi wa bara tumeizoea kwa jina la dania), shamari na bizari nyembamba. Aliyewahi kusia karoti anaujua ukoo huu. Haupendi haraka.

Sasa nije Limuru. Shangazi yangu anaishi huko, karibu na mashamba ya chai, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama saba. Kwa kuwa majirani wa sehemu hizo walitoka pembe mbalimbali za nchi kuja kuchuma chai, chama chao kina Wakikuyu, Waluhya, Mjaluo na Mkamba, na lugha ya mikutano yao ni Kiswahili. Kumbukumbu huandikwa kwa Kiswahili, faini hutozwa kwa Kiswahili, na mambo yakichacha hutupiana maneno kwa Kiswahili. Shangazi ndiye aliyewashawishi wenzake waache kung'ang'ania sukuma wiki, ambayo kila mtu anayo, wachange fedha wapande selari. Mchuuzi mmoja anayepelekea mikahawa ya Nairobi mboga alikuwa ameahidi kuinunua. Walinunua pakiti tatu kwa nyakati tatu. Mara zote tatu hawakuona hata jani moja. Baada ya mara ya tatu minong'ono ilianza. Huyu alisema tumeuziwa mchanga, yule akauliza kwa nini mweka hazina alikwenda dukani peke yake. Wanaovijua vyama wanajua swali kama hilo huishia wapi. Shangazi, ambaye hajawahi kula shilingi ya mtu, alikuwa tayari kwenda kumshika mwenye duka la pembejeo mashati kwamba amemuuzia mbegu bandia.

Nilimkuta na pakiti ya tatu mkononi, bado ina mbegu kidogo.

"Mwanangu, wewe uliyesoma mpaka wenzako wakaolewa na kuoa, hebu nisomee. Hapa pameandikwa nini?"

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza matupu, kwa herufi ndogo kama mbegu zenyewe. Nikamwambia, "Shangazi, wanasema mbegu zisifunikwe na udongo."

"Zisifunikwe? Nani hupanda mbegu akaiacha uchi?"

Swali hili, msomaji, si la kuchekwa. Katika mazoea yetu ya kusema, kupanda ni kufukia. Mahindi hufukiwa, maharagwe hufukiwa, viazi hufukiwa. Taswira ya mbegu inayozikwa ndipo ipate uhai imeenea katika mahubiri na katika mashairi yetu kiasi kwamba hatuioni tena kuwa taswira. Tunaiona kuwa ni kanuni ya maumbile. Shangazi hakutenda kwa ujinga. Alitenda kwa kufuata alichofundishwa na mama yake, na mama yake alikuwa mkulima hodari.

Ila selari si mahindi. Punje ya hindi ina akiba ya chakula inayoweza kuusukuma mche kupitia udongo wa kina cha kidole. Mbegu ya selari haina akiba hiyo. Ikiota chini ya udongo mzito, mche hufa kabla ya kuona jua. Kwa hiyo imejaliwa ulinzi: haianzi safari mpaka ihakikishe kwamba iko karibu na uso wa ardhi, na shahidi wake ni mwanga. Ndani yake mna protini iitwayo fitokromu, ambayo hupokea wekundu uliomo katika mwanga wa jua na kuiamsha mbegu. Mwanga uliochujwa na majani ya mimea mingine umepungukiwa na wekundu huo, na gizani haumo kabisa. Mbegu iliyofukiwa, basi, haijafa. Inangoja ishara ambayo mkulima ameiziba kwa udongo.

Hapa Kiswahili kinanipendeza kupita kiasi. Kitenzi chetu kuota hutumika kwa mbegu inayomea, kwa mtu anayeona ndoto usingizini, na kwa mtu anayekaa karibu na moto au juani apate joto. Mbegu ya selari haioti mpaka iote mwanga. Sijui lugha nyingine ambayo ingeniwezesha kulieleza jambo hili kwa maneno machache hivyo, na Shangazi alipolisikia hakuhitaji fitokromu yoyote.

Sababu ya pili ni maji. Selari ya mwituni ilizoea kuota kwenye tope, kando ya vinamasi na mito ya nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, mahali ambapo uso wa ardhi haukauki. Isitoshe, mbegu inapodondoka kutoka kwenye mmea kiinitete chake huwa hakijakomaa vya kutosha. Ni lazima kwanza kikue ndani ya ganda, kikila akiba ndogo iliyokizunguka, ndipo mzizi uchomoze. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hadi tatu. Uso wa udongo ukikauka siku moja tu katikati ya wiki hizo, kiinitete kilichokwisha kuamka hufa, na wewe uliyemwagilia siku kumi na tisa kwa uaminifu hutajua ni siku gani uliyoiua mbegu yako.

Ya tatu ni joto, nayo huwashangaza wengi kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba mbegu hupenda joto. Selari hupenda nyuzi 15 hadi 21 za Selsiasi. Joto likivuka nyuzi 25 hivi, mbegu nyingi hugoma, hata zikiwa na maji na mwanga.

Nilipomwuliza Shangazi alivyofanya kila mara, majaribio yake matatu yalipangana na sababu hizi tatu kana kwamba yamepangwa na mtahini. Mara ya kwanza alifukia. Mara ya pili alifukia kidogo tu, akamwagilia kwa ndoo asubuhi na kuacha jua la mchana likaushe. Mara ya tatu mjukuu wa jirani, mwanafunzi wa darasa la tano, alimsomea kwenye pakiti majina ya miezi: Februari na Machi. Naye akatii. Kumbe ushauri huo uliandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi, ambako miezi hiyo ni ya baridi na mbegu husiwa ndani ya nyumba ili mche uwe tayari theluji ikiisha. Limuru, Februari ndiyo miongoni mwa miezi ya jua kali kuliko yote ya mwaka. Shangazi alijenga kibanda kidogo cha nailoni juani, akakifunga vyema ili joto lisitoke. Ndani mlikuwa tanuri.

Kabla ya kusia tena tulizipima mbegu zilizosalia, kwani palikuwa na heshima ya mtu ya kuokolewa na suala la mbegu bandia halikuweza kuachwa lielee. Tulitandika karatasi ya shashi iliyoloweshwa katika visahani viwili, tukanyunyiza mbegu chache katika kila kimoja na kuvifunika kwa kioo. Kimoja kilikaa ukingoni mwa dirisha la jikoni, penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Cha pili kiliwekwa ndani ya kabati la jikoni humo humo. Tulivilowesha sawasawa, na Shangazi alilifungua kabati usiku tu, taa ikiwa mbali. Siku ya kumi na mbili, dirishani, palitokea vijizizi vyeupe vyembamba kama uzi wa buibui. Kufikia wiki ya tatu sehemu kubwa ya mbegu za dirishani zilikuwa zimeota. Za kabatini hazikuzidi mbili tatu. Shangazi alivibeba visahani vyote viwili hadi kwenye mkutano wa chama, akaviweka mezani bila kusema neno, na anavyonisimulia, aliyeuliza lile swali la dukani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinama na kutazama.

Kusia kwenyewe tulikufanya hivi. Mbegu zililala usiku mmoja katika kikombe cha maji ya kawaida. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu, tukayamwaga na kuzisuuza. Katika ganda la mbegu hii mna kemikali zinazozuia kuota, na baadhi yake hutoka na maji hayo. Tukazianika kivulini muda mfupi, kiasi cha kutogandamana tu, kisha tukazichanganya na mchanga mkavu ulio laini, maana vidole vya binadamu haviwezi kutawanya vitu vidogo hivyo kwa usawa pasipo mchanga. Udongo ulikuwa mchanganyiko wa udongo wa shamba, mboji iliyooza barabara na mchanga, vyote vimechekechwa. Tuliumwagia maji yanayochemka siku moja kabla, ili kupunguza kuvu wanaoleta kinyausi, ugonjwa unaoufanya mche uliokwisha kuota uanguke kwa kuoza shina usawa wa ardhi. Chombo kilikuwa debe la plastiki lililokatwa ubavu na kutobolewa chini.

Mbegu zilitawanywa juu. Shangazi alizikandamiza kwa ubao bapa, polepole kama anayepiga pasi nguo ya mtoto, ili zishikane na udongo uliolowa. Hazikufunikwa kwa udongo. Debe liliwekwa ndani ya sinia yenye maji, udongo ukayanywa kutoka chini, kwa kuwa maji ya kumwagiwa kutoka juu huzisomba mbegu zote na kuzirundika pembeni. Juu kikawekwa kipande cha kioo cha dirisha kilichokuwa kimeachwa na fundi, na debe likasogezwa mahali penye mwanga lakini mbali na jua na mbali na jiko.

Halafu tukangoja. Kuhusu kungoja sina mengi ya kusema, ila kwamba siku ya kumi jirani mmoja alishauri debe litupwe.

Siku ya kumi na sita paliota ukungu wa kijani ambao ungeweza kudhaniwa kuwa kuvu. Ni miche. Kuanzia hapo kioo huinuliwa kidogo kidogo, hewa ipite, la sivyo kinyausi huwahi. Miche ya selari hukua kwa mwendo wa kinyonga. Ilipopata majani yake ya kweli, yale yaliyochanjwachanjwa, tuliing'oa kwa ncha ya njiti na kuihamishia kitaluni kwa nafasi, na baada ya wiki nane hivi tangu kuota ikawa na urefu wa kidole, tayari kuatikwa shambani. Kwa kuwa usiku wa Julai ni wa baridi huko, tuliifunika kila jioni. Mche mdogo wa selari ukikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa siku nyingi mfululizo huhesabu kwamba umepitia majira ya baridi, ukaharakisha kutoa maua badala ya mabua, na mabua ndiyo mchuuzi aliyoyataka.

Wenzangu wa pwani watauliza habari zao. Mwenzangu mmoja wa darasani, mzaliwa wa Mombasa, alichukua mbegu kutoka kwangu akajaribu wakati wa kaskazi. Haikuota hata moja, na haishangazi. Hatimaye alikisogeza kisahani hadi ubavuni mwa mtungi wa maji wa bibi yake, barazani penye upepo na mwanga, akakizungushia kitambaa kilicholoweshwa. Mtungi wa udongo hutoa jasho, na jasho likikauka hupoza. Mbegu chache ziliota. Anasema bibi alilalamikia zaidi kuguswaguswa kwa mtungi wake kuliko alivyostaajabia selari.

Nirudi kwenye pakiti. Jambo lililonikera, na linalonikera hadi leo, ni kwamba kila alichohitaji Shangazi kilikuwa kimeandikwa pale, kasoro ile ya miezi. Usifukie. Usiache ukauke. Ngoja wiki tatu. Sentensi tatu. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi kikamilifu alichokinunua. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi ni habari gani? Fedha za wanawake saba zilipotea mara tatu, na jina la mmoja wao nusura lipotee nazo, ilhali lugha wanayoielewa wote ilikuwapo.

Wala pasitokee wa kusema kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kazi hii. Kusia ni kutawanya mbegu ili ziote. Kuatika ni kupanda mche. Kitalu, mche, mboji, samadi, kinyausi, kuchekecha, kupandikiza, kupunguzia, vyote tunavyo, na vingi vyavyo tuliviacha vikalala kwenye kamusi huku sisi tukisema kupanda kwa kila kitu. Hapa nadhani lawama haiwaangukii wafanyabiashara peke yao. Sisi tunaohitimu kila mwaka tunaweza kuandika kurasa mia mbili kuhusu usambamba katika tenzi, nami ni mmoja wao na siuonei haya utafiti huo. Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuandika maelezo ya maneno sitini ambayo mtu akiyafuata, kitu kinaota?

Nilijaribu. Ilinichukua jioni mbili, kazi ngumu kuliko nilivyotarajia. Niliandika kwanza "mbegu zisifunikwe kwa udongo." Shangazi akasema mtu atadhani kwa samadi anaweza. Nikaandika "ziache juu." Akauliza, juu ya nini? Tukaishia "Mwaga juu ya udongo uliolowa, kandamiza, usifukie kwa kitu chochote." Badala ya kuandika nyuzi za Selsiasi, ambazo hakuna aliye na chombo cha kuzipimia, tuliandika "mahali ambapo siagi haiyeyuki." Sentensi hiyo ni ya mwanachama mmoja aliyewahi kufanya kazi katika nyumba za watu Nairobi, na ni nzuri kuliko yoyote niliyoibuni mimi.

Niliipeleka karatasi hiyo kwa wenye kuuza mbegu zile, nikiomba waifikirie kwa pakiti zao. Sijapata jibu. Mwenye duka la pembejeo, aliyenusurika kushikwa mashati, aliichukua nakala moja akaibandika ukutani karibu na mizani.

Chama kimekwisha kuvuna mara moja, na mchuuzi aliichukua selari yote. Wanawake hao saba wamenirudishia karatasi ile ikiwa na sahihisho moja, lililoandikwa kwa kalamu nyekundu na Shangazi mwenyewe. Pale nilipoandika "subiri siku 21" amepafuta, akaandika "subiri Jumapili tatu," kwa sababu, asema, hakuna anayehesabu siku moja moja hadi ishirini na moja, lakini Jumapili kila mtu anaijua ilipopita.